Milio Miwili

Mvua ya mawe iliipiga Duluth Jumanne, dakika kumi na moja,
mawe ya ukubwa wa limau,
na kufika Jumatano simu ya ofisi haikupoa.
Mapaa arobaini na mawili: nyumba za mlimani zinazotazama ziwa,
kanisa la Walutheri, duka la chambo.
Marlys Haapala akafunga nywele kwa raba ya kufungia bahasha,
akaniambia, "Kesho tunanunua vigae."

Mimi ndiye mtunza hesabu. Najua mashine ya kadi
inavyokubali: mlio mmoja, mfupi, kama mtu anayemeza.
Alhamisi saa mbili asubuhi, kwenye kaunta ya vifaa vya ujenzi,
dola elfu thelathini na nane,
milio miwili.

Nyuma yetu, mafundi kwenye foleni
wakaanza kuisoma dari.

Marlys akapiga simu papo hapo.
"Mliniambia kadi hii haina kikomo."
Sauti ya kijana, laini kama grisi:
"Mama, tulisema haina kikomo kilichopangwa."
"Tofauti ni ipi?"
"Kilichopangwa ungekiona."

Miaka tisa nimelipa ankara za kadi ile
na siku hiyo ndiyo nikaielewa.
Kikomo kipo, ila hakisimami pamoja.
Hupanda tukilipa mapema. Hushuka Februari,
theluji inapofunika kazi nasi tunanunua chumvi na kahawa tu.
Hupima tulichozoea, si tunachohitaji.
Mwisho wa mwezi deni lote hulipwa, haibaki hata senti,
na bado kinatutazama kama mama mkwe
anayehesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mgeni.
Tulizoea elfu sita, elfu nane;
leo thelathini na nane kwa mpigo,
nacho kimeshtuka: hawa ni wale wale?

Mali bila daftari hupotea bila habari, tunaambiwa.
Daftari lipo. Limeshikwa na mwingine,
na ukurasa wetu hatuonyeshwi.

Baba yake Marlys alikopa misumari kwenye kaunta hii hii,
kwa penseli, kwa muuza mbao aliyemtambua kwa kikohozi.
Naye alikuwa na kikomo.
Alikisoma kwenye nyusi za muuzaji.

Usiku tukabaki ofisini. Kuna mahali pa kuuliza kabla ya kununua:
unaandika kiasi, kadi inajibu.
Elfu ishirini? Itapita.
Ishirini na tano? Itapita.
Ishirini na saba? Haitapita.
Tukaupapasa ukuta gizani kwa tarakimu
mpaka tukaugusa: elfu ishirini na sita na mia nne.
Marlys akacheka, mara ya kwanza tangu mvua.
"Kumbe ndivyo ninavyoaminika. Wiki hii."

Tukalipa deni kabla ya siku yake,
elfu kumi na mbili, akiba ya lori jipya,
tukangoja fedha zifike.
Jumatatu, mlio mmoja.
Nikajikuta nami nimemeza.

Jioni hiyo Royce Thibodeau akaweka risiti mezani kwangu,
imekunjwa mara nne.
Kituo cha mafuta, Cloquet. Kadi ya kampuni ilimkatalia
watu wakimtazama, akalipa kwa pesa yake.
Hakusema neno. Aliniomba kalamu, akasaini, akairudisha.

Kadi za mafundi zina kikomo kilichopangwa:
dola mia tatu kwa wiki.
Nilikiandika mimi mwezi Machi, nikinywa chai.

"Mpandishie," Marlys akasema.
Nikaandika mia sita. Akaangalia, akakuna shingo.
Nikaandika mia tano. Akavuta kiti.
Tukaafikiana mia nne na hamsini,
nikabonyeza, nikazima taa.

Hakuna aliyemwambia Royce.